Intaneti Safarini: Gari la Familia na Vifaa Vyake

Intaneti hupita hatua mbili kabla ya kufika kwenye kishikwambi cha mtoto aliyekaa kiti cha nyuma cha gari. Hatua ya kwanza ni kutoka kwenye mnara wa simu, ulio kando ya barabara au kilomita kadhaa porini, hadi kwenye kifaa kimoja chenye laini ndani ya gari. Hatua ya pili ni kutoka kwenye kifaa hicho hadi kwenye vifaa vingine kwa njia ya waifai. Hii ya pili ni ya mita moja au mbili tu na ni nadra isumbue. Matatizo karibu yote yanayoikuta familia barabarani yako kwenye hatua ya kwanza, ingawa lawama huangukia ya pili: baba anazima na kuwasha hotspoti, watoto wanaandika nywila upya mara tatu, kumbe gari limeingia mahali ambapo mnara haufiki.

Kila mnara una eneo lake. Gari linapotembea, mnara mmoja huiachia simu na mwingine huipokea, na mambo yakienda sawa abiria hata hagundui. Mwendo wa gari wenyewe si kikwazo. Teknolojia ya 4G ilibuniwa ihimili mwendo wa hadi kilomita 350 kwa saa, ambao hata treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma haiukaribii. Kikwazo ni umbali kati ya mnara na mnara. Mjini minara imesongamana, lakini barabara kuu ikishatoka mjini, minara hufuata watu: kijiji, mji mdogo, kituo cha mizani, kisha pori, kisha kijiji tena.

Masafa ya mawimbi nayo yana neno lake. Mawimbi ya masafa ya chini, kama ya megahezi 700, 800 au 900, hufika mbali na hupenya kuta na mabati vizuri zaidi. Yale ya juu, kama 1800, 2100 au 2600, hubeba data nyingi zaidi lakini huchoka mapema. Ndivyo ilivyo kwa ngoma ya harusi: kutoka mtaa wa mbali husikika besi, wala si filimbi. Kwa hiyo 4G ya mjini yenye kasi kubwa inaweza kutoweka kilomita chache nje ya mji, huku simu ikiendelea kupiga na kupokea kwa mtandao wa zamani wa 2G, ambao kwa kawaida mnara wake mmoja unaweza kufika hadi kilomita 35 pale ardhi inapokuwa wazi.

Skrini ya simu yenyewe hutoa taarifa. Ikisoma 4G, filamu inacheza. Ikisoma H au H+, hiyo ni 3G, na video ya kiwango cha chini bado inawezekana. Ikisoma E, gari limebaki na 2G: ujumbe wa maandishi wa WhatsApp utapita, picha itajivuta, na video haitacheza hata mzazi abadilishe kifaa mara ngapi. Anayejua kusoma herufi hizi hatumii nusu saa ya safari kurekebisha kitu ambacho hakijaharibika.

Barabara ya Dar es Salaam kwenda Iringa na Mbeya inaonyesha hali hii vizuri. Kutoka Dar hadi Morogoro miji imefuatana. Mbele kidogo barabara inaingia Hifadhi ya Taifa ya Mikumi na kuikata kwa takriban kilomita 50. Ndani ya hifadhi hakuna vijiji, na kampuni ya simu haina mteja wa kudumu wa kumjengea mnara. Baadaye, baada ya Ruaha Mbuyuni, gari linapanda Kitonga, na hapo kizuizi ni mlima wenyewe: kona moja simu inashika, kona inayofuata jabali limekaa katikati ya gari na mnara. Kwa upande wa Kenya, barabara ya Nairobi hadi Mombasa hupita kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, na kipande cha kutoka Mtito Andei hadi Voi kina tabia hiyo hiyo ya pori refu lenye watu wachache. Serikali zimejaribu kuziba mapengo ya namna hii. Tanzania ilitunga sheria ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote mwaka 2006, na mfuko huo hutoa ruzuku kwa kampuni za simu zijenge minara mahali ambapo biashara peke yake isingezivuta. Kenya nayo ina mfuko wa namna hiyo chini ya mamlaka yake ya mawasiliano. Mifuko hii imesaidia vijiji vingi, lakini lengo lake ni mahali watu wanapoishi, si kila kilomita ya lami.

Kuna hali nyingine inayowachanganya wengi: alama za mtandao zimejaa lakini hakuna kinachofunguka. Mnara mmoja una uwezo wenye kikomo, na wote waliomo katika eneo lake hugawana uwezo huo. Wiki ya mwisho kabla ya Krismasi, magari yanayokwenda mkoani Kilimanjaro kwa maelfu hufuatana kwenye barabara moja, na kila gari lina simu tatu au nne. Mnara wa mji mdogo uliojengewa wakazi wake hujikuta na wageni wengi kuliko wenyeji. Hakuna kifaa cha kununua kitakachotatua hilo.

Kwa sababu hiyo laini ichaguliwe kwa kufuata njia ya safari, si mtaa wa nyumbani. Laini inayokwenda kasi Kariakoo inaweza kuwa ya mwisho Handeni au Same. Ramani za kampuni husaidia, lakini hutengenezwa kwa mahesabu na hazijui kwamba simu iko ndani ya bodi la chuma. Wanaojua ukweli ni madereva wa mabasi na malori wa njia hiyo, na wengi wao husema bila kusita laini ipi inashika wapi. Familia inayosafiri njia moja kila mwaka hufanya vizuri kubeba laini mbili za kampuni tofauti. Simu nyingi huchukua laini mbili, ila huduma ya data hutoka kwenye moja kwa wakati, na mara nyingi ni mtu anayepaswa kuhamisha mpangilio kutoka laini moja kwenda nyingine. Laini ya pili isinunuliwe njiani kwa haraka ikiwa tayari imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Nchini Tanzania laini husajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, na laini isiyo ya mwenyewe huweza kufungwa siku yoyote, ikiwa na bando lake lote ndani.

Kifaa rahisi cha kupokea mtandao ni simu ambayo tayari imo mfukoni. Hotspoti yake ikiwashwa, vishikwambi na kompyuta vinaunganishwa. Kwa safari ya saa mbili tatu hakuna sababu ya kununua kingine. Kwa safari ya siku nzima kasoro zake huonekana. Kwanza, betri huisha haraka na simu hupata moto. Pili, kama simu au laini haiwezi kupiga kwa 4G, kila simu ya kawaida inapoingia hushusha mtandao hadi 3G au 2G, na ikifika 2G data husimama hadi mazungumzo yaishe. Shangazi akipiga kuuliza mmefika wapi, katuni zinakatika. Tatu, mwenye simu akishuka kununua machungwa, ameondoka na mtandao wa gari zima.

Dawa nafuu ya kasoro hizo ni simu ya zamani iliyolala kabatini. Ikiwa inashika 4G na betri yake haijavimba, iwekewe laini ya data peke yake, ikae kwenye chaja ya gari na isifanye kazi nyingine. Inafanya karibu kila kitu kinachofanywa na mifi, yaani kile kifaa kidogo cha ukubwa wa kiganja chenye betri yake, kinachopokea laini na kurusha waifai kwa vifaa kumi au zaidi. Mifi ina faida ya kuwa tayari kwa kazi hiyo, lakini nyingi zinazouzwa na kampuni za simu zimefungwa kwa laini ya kampuni hiyo tu. Anayetaka kubadilisha laini kulingana na njia anunue iliyo wazi, na aijaribu dukani kwa laini ya kampuni nyingine kabla ya kulipa.

Kwa wanaosafiri mara kwa mara, au wanaoendesha gari la watalii lenye familia ndani, ruta ya 4G yenye matundu ya antena ya nje ndiyo inayoleta tofauti ya kweli. Bodi la gari ni chuma, na baadhi ya vioo vya kisasa vina utando mwembamba wa metali wa kuzuia joto. Vyote viwili hupunguza mawimbi kabla hayajafika ndani. Tinti ya kawaida ya rangi haina shida, ila ile yenye metali hufanya kama kioo cha aina hiyo. Antena iliyobandikwa juu ya paa iko nje ya sanduku hilo lote na iko juu zaidi. Antena nzuri ya 4G huwa na nyaya mbili, kwa kuwa teknolojia hiyo hutumia mikondo miwili kwa pamoja, na kuunganisha waya mmoja tu ni kupoteza nusu ya kazi. Waya uwe mfupi iwezekanavyo, maana waya mwembamba wa mita nyingi hula mawimbi yaliyopatikana juu. Hata hivyo antena haitengenezi mtandao. Inaweza kuigeuza E kuwa 4G mahali ambapo 4G ilikuwa ikifika kwa udhaifu. Pasipo na mnara itabaki pambo. Vile vifaa vya kukuza mawimbi vinavyouzwa kiholela ni jambo jingine: vinahitaji idhini ya mamlaka ya mawasiliano, kwa sababu vikifungwa vibaya huweza kuvuruga mnara unaohudumia watu wengine.

Magari mengi mapya duniani huja na laini yake tangu kiwandani. Chrysler ilianza kuuza waifai ya ndani ya gari nchini Marekani mwaka 2008, General Motors ikaanza kufunga 4G kwenye magari yake mwaka 2014, na Umoja wa Ulaya uliamuru kwamba kuanzia tarehe 31 Machi 2018 aina mpya za magari ziwe na mfumo wa kupiga simu ya dharura wenyewe gari linapopata ajali. Afrika Mashariki habari ni tofauti, kwani magari mengi ya familia hununuliwa yakiwa yametumika Japani. Yakifika Dar es Salaam au Mombasa, skrini yake huongea Kijapani, ramani yake ni ya Japani, na redio yake ya FM huanzia megahezi 76 na kuishia 90, hivyo stesheni nyingi za hapa haisikii mpaka fundi afunge kifaa cha kubadilisha masafa. Mfumo wa intaneti wa gari hilo umefungwa kwa mtandao wa huko. Mfumo wa Toyota ulioitwa G-Book, ulioanza mwaka 2002, na ule wa T-Connect ulioufuata mwaka 2014, ilibuniwa kwa wateja wa Japani. Isitoshe, kampuni ya simu ya KDDI ya huko ilizima mtandao wake wa 3G Machi 2022, na kwa hiyo vifaa vya 3G vilivyoutegemea havina cha kushika hata vikirudishwa Tokyo. Muuzaji anayesifu gari kwamba lina intaneti ndani aombwe aiwashe hapo hapo.

Wengi huing'oa skrini hiyo na kufunga redio ya Android. Baadhi huwa na tundu la laini, na nyingine hutegemea hotspoti ya simu. Zinafaa kwa muziki na ramani. Kama chanzo cha mtandao wa familia hutofautiana sana ubora, na za bei ya chini mara nyingi hupokea mtandao vibaya kuliko simu ya kawaida kwa sababu antena yake imefichwa nyuma ya dashibodi, katikati ya vyuma.

Pale minara inapokwisha kabisa, linabaki anga. Starlink, inayotumia setilaiti zinazozunguka kwenye kimo cha takriban kilomita 550, ilianza huduma Rwanda na Kenya mwaka 2023 na Burundi mwaka 2024. Mwaka huo huo wa 2024 ilitoa dishi dogo lenye uzito wa kilo moja na kitu, linalobebeka na kutumia umeme kidogo kiasi cha kuendeshwa na betri ya gari. Dishi linahitaji kuona anga. Chini ya miti mikubwa, kwenye korongo au katikati ya maghorofa hukatika. Huduma hufuata vibali vya kila nchi, kwa hiyo dishi la Nairobi si ruhusa ya kuliwasha nchi jirani, na kulitumia gari likitembea huhitaji kifurushi kinachoruhusu hivyo. Kwa familia inayokwenda kusalimia ndugu mara mbili kwa mwaka, gharama hiyo haina maana. Kwa anayepiga kambi Turkana, ni habari nyingine.

Umeme na joto huua vifaa vingi kuliko ajali. Gari dogo lina umeme wa volti 12, lakini injini ikiwaka hupanda hadi kama 14, na wakati wa kupiga stata hushuka ghafla. Ruta ya nyumbani iliyoandikwa volti 12 isiunganishwe moja kwa moja kwenye betri ya gari. Iwekewe kifaa cha kusawazisha umeme, na fundi asisahau fyuzi. Malori na mabasi hutumia volti 24, ambazo zingeiunguza papo hapo. Simu na mifi zinatosheka na chaja nzuri ya tundu la sigara, ila ile ya bei ya kutupa huchaji taratibu kuliko hotspoti inavyotumia, na simu huzimika ikiwa kwenye chaja. Kuhusu joto, Apple husema simu zake zitumike mahali pasipozidi nyuzi 35 za Selsiasi, na dashibodi ya gari lililoegeshwa juani Dodoma au Voi hupita hapo kwa mbali. Kifaa kinachorusha mtandao kikae chini ya kiti au mfukoni mwa mlango, karibu na upepo wa kiyoyozi. Mawimbi yatapungua kidogo tu, lakini betri haitavimba.

Bando ndilo linaloumiza watu. Mkondo wa megabiti 1 kwa sekunde, ukitiririka saa nzima, hula MB 450. Netflix yenyewe huwaeleza wateja wake kwamba video ya kiwango cha kawaida hula hadi GB 1 kwa saa na ile ya ubora wa juu hadi GB 3. Watoto wawili wakitazama saa nne kwa kiwango cha kawaida, kila mmoja kwenye skrini yake, ni GB 8. Kwenye skrini ya inchi nane jicho halioni tofauti kubwa kati ya viwango hivyo viwili, kwa hiyo ubora ushushwe kwa mkono, usiachwe ujichagulie. Muziki ni rahisi zaidi: mkondo wa kilobiti 96 kwa sekunde hula kama MB 43 kwa saa. Ramani hula kidogo mno.

Bando halimalizwi na filamu peke yake. Vifaa vinapounganishwa na hotspoti huamini viko kwenye waifai ya nyumbani, isiyo na kikomo. Hapo hapo programu huanza kujisasisha, picha zote za harusi ya wiki iliyopita hupanda kwenye hifadhi ya mtandaoni, WhatsApp hushusha kila video ya kila kundi, na kompyuta ya mama huanza kupakua sasisho la Windows ambalo peke yake linaweza kupita GB kadhaa. Mzazi anashangaa bando la GB 10 limekwisha kabla ya Chalinze na hakuna aliyetazama kitu. Tiba iko ndani ya mipangilio. Kwenye Android, waifai hiyo iwekwe kuwa mtandao unaopima data. Kwenye iPhone iwashwe hali ya data kidogo. Kwenye Windows muunganisho huo uwekwe kuwa wa kupimwa. Kazi hii hufanywa mara moja kwa kila kifaa, na hakuna pesa inayookolewa kwa urahisi zaidi ya hii. Uchezaji wa video wa kujiendesha uzimwe pia, kwani programu za video fupi hupakua zinazofuata kabla mtoto hajazifikia. Aina ya bando isomwe vizuri: bando la mitandao ya kijamii halilipii filamu, na GB za usiku haziko wazi mchana. Baadhi ya laini, bando likiisha, huanza kukata salio la kawaida kwa bei ya juu zaidi, hivyo ni vyema salio hilo liwe dogo au kukatwa huko kuzuiwe mapema. Hotspoti iwe na nywila, maana kwenye foleni gari la jirani liko karibu kuliko chumba cha pili cha nyumba.

Kilicho bora zaidi ni kile ambacho hakihitaji mtandao kabisa. Usiku wa kuamkia safari, kwa waifai ya nyumbani au bando la usiku, filamu, katuni, nyimbo na masomo vipakuliwe kwenye kila kifaa. Vifunguliwe mara moja data ikiwa imezimwa, ili ijulikane kweli vimo, kwa sababu baadhi ya filamu zilizopakuliwa zina muda wake wa mwisho. Ramani ya njia nzima ipakuliwe pia. GPS haitumii intaneti: simu hupokea mawimbi ya setilaiti zilizo umbali wa kilomita 20,000 hivi juu ya dunia, bure, hata katikati ya Mikumi. Kinachokosekana mtandao unapokatika ni picha ya ramani na habari za foleni, si mahali gari lilipo. Safari iliyoandaliwa hivi hutumia mtandao kwa ujumbe, simu na habari za njiani tu, na MB mia chache hutosha siku nzima.

Dereva asiwe fundi wa mtandao. Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu ana uwezekano wa kupata ajali mara nne hivi zaidi ya asiyeitumia. Hotspoti, ramani na nywila ziwe mikononi mwa aliyekaa naye mbele, na skrini za watoto zisiwe mahali dereva anaweza kuziona. Kishikwambi kifungwe kwenye kiegemeo cha kiti, kwani gari likifunga breki ghafla kitu chochote kilicholegea huruka.

Safari ikivuka mpaka, tahadhari ianze kabla ya kufika. Karibu na Namanga, Horohoro au Holili, simu huweza kushika mnara wa nchi ya pili gari likiwa bado nchi ya kwanza, na data ya ughaibuni (roaming) ikiwa imewashwa vifaa vyote vya nyuma vitaitumia bila mtu kujua. Mwishoni mwa 2014 na mwanzoni mwa 2015, Kenya, Rwanda na Uganda zilianza kupunguza gharama za kupiga simu kati yao kupitia mpango wa Eneo Moja la Mtandao, lakini mpango huo ulianzia kwenye simu za sauti, na bando la nyumbani halivuki nao. Data ya ughaibuni izimwe mapema. Upande wa pili, laini ya huko isajiliwe kwa pasipoti kwenye duka la kampuni, kisha iwekwe kwenye ile simu ya zamani au mifi ikiwa na jina na nywila ile ile ya waifai. Vifaa vya watoto vitajiunga vyenyewe, bila mpangilio mwingine wowote.